Huzuni na Hofu Katika Tarikh Yetu: Dawa, Dua, au Vyote Viwili?



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wasomaji, liko swali ambalo watu hawaliulizi mbele ya jamaa msikitini. Huulizwa baada ya darsa kwisha, wengine wakishavaa viatu, tena kwa sauti ya chini. Mama anauliza kwa ajili ya binti yake ambaye tangu ajifungue halali, hali, na hataki hata kumbeba mtoto. Kijana anauliza kwa ajili yake mwenyewe: moyo unamdunda, anatokwa jasho, anahisi kama anakufa, na hospitali wamempima wakasema moyo ni mzima. Swali lenyewe ni hili: je, Muislamu mwenye huzuni isiyokwisha, au hofu asiyoijua inatoka wapi, ameze vidonge vya hospitali? Au kufanya hivyo ni dalili ya udhaifu wa imani, na anachohitaji ni kuzidisha swala na kisomo?

Sisi si mamufti wala si madaktari, na makala haya hayatoi fatwa wala hayaandiki dawa. Tunachotaka ni kurudi kwenye tarikh yetu, kwa sababu swali hili si geni kama tunavyodhani. Waislamu waliotutangulia walilikabili zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakaliandikia vitabu, wakalijengea na hospitali. Inasikitisha kwamba wengi wetu hatuijui habari hiyo, na kwa kutoijua tunawatesa watu wetu wenyewe majumbani.

Kwanza tuelewane majina

Maradhi tunayoyazungumzia yana majina mengi. Kwa Kiswahili wengine huita sonona, wengine unyogovu, na yale ya hofu huitwa wasiwasi. Ndugu zetu wa Rwanda wanasema agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. Waganda wana neno okwekyawa, yaani mtu kujichukia mwenyewe, na okwekubagiza, kujisikitikia kupita kiasi. Tazama basi: hakuna aliyehitaji kuazima neno kwa Mzungu. Lugha za watu wetu zilikwishaona kwamba iko huzuni ya kawaida, na iko huzuni iliyovuka mpaka ikawa ugonjwa.

Huzuni haikuwa aibu kwa wateule wa Allah

Tuanzie kwenye Qur'ani. Katika Suratu Yusuf, Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika kwa kumpoteza mwanawe mpaka macho yake yakapofuka. Wanawe walimlaumu kwamba atajimaliza. Allah hakumlaumu. Naye alimshitakia Mola wake huzuni yake, kisha papo hapo akawaamrisha wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake. Alimuomba Allah, na alichukua hatua. Mambo mawili hayo yako katika aya zinazofuatana.

Bibi Maryam (a.s.), uchungu wa uzazi ulipomkaza chini ya mtende, alitamani lau angelikuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Ni mama mzazi, yuko peke yake, anaogopa maneno ya watu. Je, alijibiwa nini? Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji na tende mbivu, akaambiwa ale na anywe. Moyo wake ulipewa maneno ya kuutuliza, na mwili wake ukapewa chakula na maji.

Mtume wetu (s.a.w.) naye alipatwa. Katika mwaka wa 10 wa utume, unaokaribia mwaka 619, aliondokewa na mkewe Bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib kwa muda mfupi, na wanatarikh wakauita mwaka ule Aamul-Huzni, Mwaka wa Huzuni. Baadaye Madina alimlilia hadharani mwanawe Ibrahim. Zaidi ya hayo, Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba mara kwa mara kinga kwa Allah kutokana na wasiwasi na huzuni. Kama mambo haya yangekuwa ya watu dhaifu wa imani tu, dua hiyo angeiomba nani?

Na liko jambo jingine ambalo akina mama wa kwetu watalipenda. Bibi Aisha (r.a.), kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, alikuwa akifiwa na mtu wa nyumbani mwao, wanawake wakishatawanyika akabaki na jamaa zake, huamrisha upikwe uji wa shayiri uitwao talbina, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Mfiwa alipewa maneno mema na sufuria ya uji.

Sheikh wa Balkh na aina mbili za huzuni

Sasa twende Balkh, katika nchi inayoitwa leo Afghanistan. Huko, mnamo mwaka 235 Hijria (850), alizaliwa mtu aitwaye Abu Zayd Ahmad ibn Sahl al-Balkhi. Alisafiri hadi Iraq kutafuta elimu, akasoma kwa mwanafalsafa al-Kindi, ambaye naye aliandika risala juu ya namna ya kuondoa huzuni. Al-Balkhi alirudi kwao, akafariki mwaka 322 Hijria (934). Wengi wanamkumbuka kwa elimu ya jiografia. Lakini aliacha kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi.

Sehemu ya kwanza ya kitabu ni ya mwili: chakula, maji, usingizi, makazi. Sehemu ya pili ni ya nafsi, na humo anazungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi unaomganda mtu. Analalamika kwamba matabibu wa zama zake walishughulika na mwili wakaiacha nafsi, hali ya kuwa viwili hivyo vimefumana kama nyuzi: mwili ukiugua nafsi hutaabika, na nafsi ikiugua mwili hukosa raha na mwisho nao huugua. Anasema pia kwamba mtu anaweza kuishi muda mrefu bila homa wala maumivu, lakini hakuna anayeishi bila kuguswa na maudhi ya nafsi.

Kisha anakuja kwenye jambo ambalo ndilo moyo wa makala yetu. Al-Balkhi aligawa huzuni mara mbili. Ya kwanza ni ile yenye sababu inayojulikana: kufiwa, kufilisika, kukosa mtu alichokipenda. Hii aliitibu kwa maneno na fikra: mazungumzo, nasaha, kumsaidia mtu aone jambo lake kwa macho mengine. Ya pili ni huzuni isiyo na sababu inayoonekana. Humjia mtu ghafla, ikamfunga, ikamnyima furaha ya kila kitu, na ukimuuliza una nini hana la kusema. Hii, kwa maoni yake, chanzo chake ni mwilini, katika damu, na tiba yake inafuata njia ya tiba ya mwili.

Elimu ya damu aliyokuwa nayo siyo tuliyo nayo leo, na dawa zake hatuzitumii. Lakini uangalie mgawanyo wenyewe. Mwanachuoni wa Kiislamu, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kidonge cha kwanza cha sonona, alisema kwamba iko huzuni inayotibiwa kwa mazungumzo na iko huzuni inayohitaji dawa. Hakusema ya pili ni ya watu wasioswali.

Aliongeza mashauri mawili yanayofaa kila nyumba. Moja: kama vile mtu mwenye akili anavyoweka akiba ya dawa nyumbani kabla hajaugua, vivyo hivyo ajiwekee akiba ya fikra njema siku za raha, azitumie siku ya shida. Pili: mtu mwenye wasiwasi asiachwe akajifungia peke yake, kwani upweke unauchochea.

Nakala ya kitabu hiki ilihifadhiwa katika maktaba ya Ayasofya, Istanbul, kwa karne nyingi bila watu wengi kuijua. Mwaka 1984 ilichapishwa picha ya nakala hiyo mjini Frankfurt, na mwaka 2013 Profesa Malik Badri wa Sudan, mwanasaikolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 2021, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi. Ndiyo maana babu zetu hawakutusimulia: hawakukiona.

Tabibu wa Qayrawan

Asije mtu akasema hayo ni ya Asia ya mbali. Hapa hapa Afrika, katika mji wa Qayrawan uliopo Tunisia, mwanzoni mwa karne ya 10 alikuwapo tabibu aitwaye Ishaq ibn Imran, aliyeandika risala nzima juu ya malikhulia, jina la huzuni ya ugonjwa lililotoka kwa Wayunani. Alitaja sababu za mwili, na alitaja pia misiba: kufiwa na mtoto mpendwa, na mwanachuoni kupoteza vitabu vyake asivyoweza kuvipata tena. Katika tiba alichanganya dawa, chakula, kuoga na mazungumzo mazuri. Risala hiyo ilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 11, na Wazungu wakajifunza kwayo. Elimu ilitoka Afrika kwenda Ulaya.

Ulimi wa Imam Ghazali ulipofungwa

Wengine wataendelea kusema: ni sawa, lakini mcha Mungu wa kweli hafikwi na haya. Basi na wasikilize habari ya Imam Abu Hamid al-Ghazali, ambaye vitabu vyake vimesomeshwa katika madrasa za dunia nzima.

Mwaka 488 Hijria (1095) Ghazali alikuwa na umri wa miaka 37 hivi, mwalimu mkuu wa Nidhamiyya ya Baghdad, mwenye cheo na jina. Yeye mwenyewe anasimulia katika al-Munqidh min al-Dalal kwamba kwa karibu miezi sita, kuanzia Rajab, alivutwa huku na huku na mashaka juu ya nia yake na maisha yake. Kisha siku moja ulimi wake ukafungwa. Alitaka kusomesha wanafunzi wake neno lisitoke. Huzuni ikamwingia moyoni, chakula kikawa hakipiti wala hakisagiki, nguvu zikamwishia. Matabibu walimhudumia, wakakata tamaa, wakasema kwamba hili limeshuka moyoni na kutoka moyoni limeenea mwilini, na halitapona mpaka moyo upumzike na linaloulemea.

Hatuwezi leo kumpa Ghazali jina la ugonjwa kutoka umbali wa karne tisa, wala si adabu kujaribu. Lakini tunajua alichofanya. Hakuwafukuza matabibu. Alimlilia Allah kama mtu aliyezidiwa. Akabadilisha maisha yake: aligawa mali yake akabakisha ya kuwatosha watoto, akaacha cheo, akatoka Baghdad mwezi wa Dhul-Qaada mwaka ule ule kuelekea Sham. Ilimchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kurudi darasani huko Nishapur mwaka 1106. Hakuna aliyemwambia alipe deni la swala ndipo ulimi ufunguke. Na yaliyompata aliyaandika kwa mkono wake bila kuyaficha.

Maristani: hospitali za wakfu

Elimu hii haikubaki vitabuni. Waislamu walijenga hospitali zilizoitwa bimaristani, au maristani kwa kifupi, na ndani yake wagonjwa wa akili walipewa sehemu yao. Sultan Nuruddin alijenga yake Damascus mwaka 1154. Amiri mmoja aitwaye Qalawun aliugua akiwa Sham, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika maristani ile, akaweka nadhiri kwamba Allah akimpa utawala atajenga kama hiyo. Alipokuwa Sultani wa Misri alitimiza, na mwaka 1284 hospitali yake ikakamilika Cairo. Wakfu wake ulifungua mlango kwa wanaume na wanawake, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Huko Edirne, Uturuki, Sultan Bayezid II alikamilisha yake mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi, aliyefika katika karne ya 17, alieleza kwamba wagonjwa walipigiwa ala mara tatu kwa wiki, wakazungukwa na maji yanayotiririka na maua. Jengo hilo lipo hadi leo, ni makumbusho.

Tusipambe kupita kiasi. Hata katika maristani, wagonjwa waliozidiwa na vurugu walifungwa minyororo, na hospitali nyingi zilidhoofika wakfu zao zilipoliwa au kusahauliwa. Lakini msingi ulikuwa wazi: mgonjwa wa akili alihesabiwa kuwa mgonjwa, na kumtibu kulihesabiwa kuwa sadaka. Watu walitoa mashamba na maduka yao kwa ajili hiyo, kama sisi tunavyochangia visima na misikiti.

Wakoloni waliposema Mwafrika hahuzuniki

Tuje sasa katika nchi zetu. Wakoloni walileta hospitali za wagonjwa wa akili, lakini walizijenga zaidi kwa ajili ya kuwatenga waliosumbua mitaani. Na pamoja na majengo walileta fikra mbovu. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akadai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, kwa kuwa eti Mwafrika hajioni kuwa na dhamana ya nafsi yake kama Mzungu. Alihesabu waliofika hospitalini, naye hakujiuliza kwamba mama mwenye huzuni kijijini hapelekwi hospitali ya vichaa. Hupelekwa kwa mganga, au huachwa jikoni alie.

Daktari John Orley alikwenda vijijini Uganda kuhoji watu majumbani mwao. Yeye na mwenzake Wing walichapisha matokeo mwaka 1979, wakilinganisha vijiji viwili vya Uganda na mtaa wa Camberwell, London. Wanawake wenye sonona walikuwa wengi zaidi katika vile vijiji vya Uganda kuliko London.

Ndugu wasomaji, tulifikiri hapa. Leo tunaposema barazani kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, kwamba mtu mweusi hana nafasi ya kuugua hivyo, tunadhani tunatetea heshima yetu. Kumbe tunakariri maneno ya daktari wa mkoloni.

Vidonge vimetoka wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa kifua kikuu waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa waliopewa dawa iitwayo iproniazidi walichangamka kuliko kawaida. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini inawainua wagonjwa wa sonona. Ikafuata amitriptilini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977. Fluoksetini iliruhusiwa Marekani mwaka 1987, na ikaingia katika orodha hiyo ya dawa muhimu mwaka 2007.

Yafaa familia zijue mambo machache. Dawa hizi hazileweshi, wala hazimpi mtu furaha ya uongo. Hazifanyi kazi siku ile ile. Huchukua wiki kadhaa, na ndiyo maana wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazifai. Zina maudhi yake, kama kichefuchefu, usingizi au kinywa kukauka, na hayo aelezwe daktari. Haziachwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo. Dawa za aina ya diazepamu, zilizoenea tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya hofu, ni kitu kingine: zinatuliza haraka, lakini mtu akizitumia muda mrefu mwili unazizoea akashindwa kuziacha. Basi kununua vidonge vya usingizi dukani kwa ushauri wa jirani si tiba, ni hatari.

Na si kila mgonjwa anahitaji kidonge. Mwenye sonona nyepesi mara nyingi husaidika kwa mazungumzo na mtu aliyefundishwa, kwa kutembea, kwa kulala vizuri na kutoachwa peke yake. Aliyezidiwa mara nyingi huhitaji dawa, na mazungumzo juu yake. Ni ule ule mlango wa al-Balkhi wenye vyumba viwili.

Masaka na Rakai: tiba chini ya mti

Ushahidi wa karibu upo. Katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, zilizopigwa sana na UKIMWI, watafiti waliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe huzuni yao inaitwaje, wakapata maneno yale okwekyawa na okwekubagiza. Kisha katika vijiji 30 walifanya jaribio. Nusu ya vijiji viliundiwa vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali. Kila wiki walikaa pamoja, kwa wiki 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Dawa haikutumika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na sonona mwishoni walikuwa 6.5 kwa kila 100. Katika vijiji visivyo na vikundi walibaki 54.7 kwa kila 100. Tofauti hiyo ililetwa na watu kukaa, kusikilizana na kufundishwa namna ya kufanya hivyo.

Sasa tujiulize: sisi tuna jamaa mara tano kwa siku, tuna darsa za akina mama, tuna vikundi vya maulidi na vya kuzika. Ni nani aliyejipanga vizuri kuliko sisi? Lakini katika vikao hivyo mtu mwenye huzuni anaogopa kufungua kinywa.

Familia ifanye nini?

Tusimhukumu mgonjwa. Kumwambia mtu mwenye sonona "zidisha imani" peke yake ni kama kumwambia mwenye malaria hivyo hivyo. Maneno hayo ni ya kweli kwa kila Muislamu, mzima na mgonjwa, lakini anayeumwa huyasikia kama hukumu, akajiona ametupwa na Mola wake pia. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu, akatufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na ponyo, isipokuwa uzee. Hakutoa maradhi ya nafsi nje ya amri hiyo.

Kisomo cha Qur'ani na adhkari ni ponyo kwetu sote, na hakuna haja ya kuchagua. Mgonjwa asomewe jioni na asubuhi apelekwe hospitali. Lakini akitokea mtu anayedai kumtoa jini kwa kumpiga mgonjwa, kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumkataza dawa zake, huyo asikabidhiwe mwana wa watu. Ghazali alikuwa Ghazali, na matabibu waliingia chumbani mwake.

Hospitali zipo. Butabika ya Kampala ilifunguliwa mwaka 1955, Ndera ya Kigali mwaka 1972, Bujumbura ipo ya Kamenge, na Goma kipo kituo ambacho jina lake ni la Kiswahili chetu, Tulizo Letu. Wengine hukataa kwenda kwa kuwa baadhi ya vituo hivi vilianzishwa na mashirika ya Kikristo. Tunawakumbusha kwamba Waislamu wa zama za maristani walitibiwa na matabibu Wakristo na Mayahudi, wakawaheshimu. Pia hospitali kubwa si mlango wa kwanza wa lazima: anza na kituo cha afya kilicho karibu, ueleze hali ilivyo bila kuona haya.

Ramadhani ikikaribia, asiache mtu dawa zake ili afunge. Amwone daktari mapema, kwani mara nyingi nyakati za kumeza huweza kuhamishiwa usiku, baina ya futari na daku. Ikiwa haiwezekani, Allah amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara, na ruhusa ya Allah haina aibu.

Mama aliyejifungua atazamwe kwa jicho la pekee. Huzuni ikimzidi wiki mbili, msimwite mvivu wala mama mbaya. Mkumbukeni Maryam na tende zake: apikiwe, apokelewe mtoto alale, na apelekwe kwa daktari.

Na mtu akisema amechoka kuishi, au kwamba nyinyi mtapumzika yeye akiondoka, msimkemee kwa kumtajia moto. Kaeni naye, mumuulize kwa upole, msimwache peke yake, ondoeni sumu za shamba, vidonge na vitu vyenye ncha, na mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maneno hayo si ya kutingisha watu.

Mwisho, tunawaomba maimamu wetu walitaje jambo hili kwenye khutba walau mara moja kwa mwaka, na kamati za misikiti zifikirie kutenga kidogo katika mfuko wa sadaka kwa ajili ya nauli na dawa za wagonjwa wa namna hii. Qalawun alitoa wakfu wa hospitali nzima kwa sababu ya dawa aliyoinywa ugenini. Sisi hatuwezi kujenga maristani, lakini nauli ya kutoka kijijini hadi kliniki na dawa ya mwezi mmoja ni vitu ambavyo mfuko wa Ijumaa unaweza kuvibeba.

Twamuomba Allah (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na waliojificha, azitulize nyoyo zilizokosa usingizi, awape subira wanaowauguza, na atujaalie majumba yetu yawe mahali ambapo mtu anaweza kusema "ninaumwa" akasikilizwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.